Elijah McCoy: Alisomea uhandisi, akapewa kopo la oili

UKIPELEKA gari servisi, swali la kwanza la fundi huwa: tuweke oili gani? Wengi wetu hujibu tu, ile ya bei nafuu. Elijah McCoy alilichukua swali hilo kwa uzito. Alihangaika nalo zaidi ya miaka 40, na lilimkuta kwenye kazi ambayo hakuisomea wala kuitaka.

McCoy alizaliwa mwaka wa 1844 huko Colchester, Ontario, nchini Canada. Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa katika jimbo la Kentucky, Marekani. Walitoroka wakavuka mpaka kwa msaada wa mtandao wa siri ulioitwa Reli ya Chini kwa Chini. Jina lisikuchanganye, maana reli hiyo haikuwa na vyuma wala mabehewa. Ilikuwa ni watu waliohatarisha maisha yao kuwaficha watoro nyumba hadi nyumba.

Elijah alipofika miaka 15, wazazi walimtuma Edinburgh, Scotland, kujifunza uhandisi wa mitambo. Hebu fikiria: mzee aliyewahi kuwa mali ya mtu mwingine, sasa anasomesha mwanawe ng'ambo! Kijana alihitimu, akarudi na kuungana na familia, ambayo wakati huo ilikuwa imehamia Ypsilanti, jimbo la Michigan.

Vyeti alikuwa navyo. Kazi je? Kama umewahi kuzunguka mjini na bahasha ya kaki ukibisha ofisi za watu, unajua machungu yake. Ila yake yalizidi, kwa sababu nafasi zilikuwepo. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku Marekani mwaka wa 1865, lakini kampuni za reli hazikutaka mhandisi Mweusi. Kampuni ya reli ya Michigan Central ilimpa kazi ya kupakia makaa kwenye tanuri la gari-moshi na kupaka injini mafuta. Mhandisi wa Edinburgh akashika sepetu na kopo la oili.

Angeweza kususa. Badala yake alianza kuichunguza ile injini.

Injini ya mvuke ilikuwa na vyuma vinavyosuguana muda wote, na vikikosa mafuta hupata moto, hulika, na mwishowe hukwama. Kwa hivyo treni ilikuwa ikisimama kila baada ya mwendo fulani, mtu anashuka na kopo lake, anazunguka kupaka mafuta, kisha safari inaendelea. Abiria wanangoja, mizigo inangoja. Na kati ya kituo kimoja na kingine, mafuta yalikuwa mengi mno mwanzoni na haba mno mwishoni.

McCoy alijiuliza kwa nini injini isijipake yenyewe. Alibuni kikombe cha oili kinachofungwa kwenye mtambo, ambacho vali yake husukumwa na mvuke wa injini yenyewe. Injini ikifanya kazi, mafuta yanadondoka kwenye silinda, tena kwa kiasi. Mnamo Julai 1872 alipata hataza, yaani hati ya serikali inayolinda uvumbuzi wake.

Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Mwingereza John Ramsbottom alikuwa na kifaa chake cha kulainisha injini tangu mwaka wa 1860. Ila McCoy hakuacha kuboresha. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa na hataza zaidi ya 50, nyingi zikihusu mafuta ya kulainisha mitambo.

Utasema basi jamaa alitajirika. Wapi! Kuunda vifaa kulihitaji mtaji, na mtaji hakuwa nao. Mara nyingi aliuza haki zake kwa wenye pesa, nao wakavuna. Ni mwaka wa 1920, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, ndipo ilipoanzishwa kampuni yenye jina lake mjini Detroit.

Huenda umesikia Waingereza wakisema the real McCoy wakimaanisha kitu asilia, si feki. Wengi husimulia kwamba msemo huo ulitokana na wahandisi waliokataa vifaa vya kuiga na kutaka vyake. Ni hadithi tamu, lakini msemo wa aina hiyo, wenye jina Mackay, ulikuwa umeshaandikwa Scotland mwaka wa 1856. McCoy wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 12.

Kazi yake ya mwaka wa 1915 ndiyo inayokuhusu wewe mwenye gari. Treni mpya zilikuwa zikitumia mvuke wenye joto kali zaidi, na oili ya zamani haikustahimili. Iliungua na kuacha vyuma vikavu. McCoy alibuni kifaa kilichopeleka oili pamoja na grafiti, ule unga mweusi unaopatikana ndani ya penseli, ambao huendelea kulainisha hata kwenye joto. Injini ilikuwa imebadilika, kwa hivyo ulainishaji nao ulilazimika kubadilika.

Sasa tazama kopo la oili dukani. Limeandikwa 5W-30, ama 20W-50. Namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka kukiwa baridi: ikiwa ndogo, oili hufika upesi kwenye vyuma unapowasha gari asubuhi. Namba ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto. Magari mengi ya kisasa yana nafasi finyu kati ya vyuma, na yameundiwa oili nyepesi kama 0W-20 au 5W-30. Ukiyawekea 20W-50 kwa sababu fundi amesema nzito ndiyo hulinda, inachelewa kufika, na petroli inaliwa zaidi. Jibu limo kwenye kitabu cha gari lako.

Muda wa kubadilisha umo humo pia, kwa kilomita au kwa miezi, kinachotangulia ndicho kifuatwe. Ukikwama saa nzima kwenye jam ya Thika Road, injini inanguruma lakini kilomita hazisongi. Oili inachoka vilevile. Mwendo wa aina hiyo, na wa vumbi, hudai oili ibadilishwe mapema.

McCoy aliishi hadi kuona magari yakijaa Detroit, na gari halikumwachia salama. Mwaka wa 1922 yeye na mkewe, Mary, walipata ajali ya barabarani. Mary alifariki kutokana na majeraha, naye Elijah hakupona vizuri. Alifariki Oktoba 10, 1929, akiwa na miaka 85, katika hospitali ya umma karibu na Detroit, akiwa na kidogo mfukoni.

Heshima ilikuja ikiwa imechelewa. Mwaka wa 2012 serikali ya Marekani ilifungua tawi la ofisi ya hataza mjini Detroit, na tawi hilo likapewa jina la Elijah McCoy. Ofisi ya wavumbuzi ikabeba jina la mtu aliyepewa kopo la oili kwa sababu ya rangi yake.