Bwana Akeley na Gorila

Ndege aliyekaushwa katika maabara yetu ameliwa na wadudu, nyasi zamtoka tumboni. Kila nimwonapo namkumbuka Bwana Carl Akeley, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1864. Yeye hakujaza ngozi nyasi. Alimpima mnyama, akafinyanga umbo lake kwa udongo, akatoa kalibu, na ngozi akaivika sanamu nyepesi.

Mwaka 1921 aliwaua gorila huko Kivu, Kongo, kwa ajili ya makumbusho ya New York. Alipoutazama uso wa mmoja wao, nusura ajione muuaji. Alichelewa, nadhani, lakini hakunyamaza: alimsihi Mfalme Albert wa Ubelgiji, na mwaka 1925 hifadhi ikawekwa, ambayo leo ni Virunga. Alirudi huko mwaka 1926, akaugua, akafa, akazikwa mlimani Mikeno. Gorila wale wangali wamesimama New York, nyuma ya kioo.