Jerry Garcia: gitare yake na watu waliomufuata miaka 30

Huku Kongo tunajua vizuri urafiki wa okestra na wapenzi wake. OK Jazz ilizaliwa 1956, Franco akabaki nayo mpaka kufa kwake 1989, na hata leo kuna wazee ambao ukigusa ile okestra umewagusa wao wenyewe. Leo tunawaletea habari ya okestra ingine, ya Marekani, iliyoitwa Grateful Dead, na ya mutu aliyekuwa nguzo yake, Jerry Garcia. Sisi watu wa sendika tunaona maisha yake yana fundisho kwetu pia.

Garcia alizaliwa tarehe 1 Agosti 1942 mu muji wa San Francisco. Baba yake, José, alitoka Hispania. Alikuwa mupiga muziki wa dansi, kisha akafungua baa karibu na bandari. Mutoto alipokuwa na miaka 4, yeye na kaka yake walikuwa wanapasua kuni, shoka ikamukata kidole cha katikati cha mukono wa kuume. Mu 1947 familia ilienda kuvua samaki, baba akakufa maji mu muto. Mama akashika kazi ya baa, ambamo mabaharia walikuwa wanakunywa, na mutoto akalelewa miaka kadhaa na bankambo wake. Nkambo mwanamuke, Tillie Clifford, alikuwa kiongozi mu sendika ya wafanyakazi wa kufua nguo. Basi mu ile nyumba maneno ya mushahara na umoja hayakuwa mageni.

Alipofikisha miaka 15, mama alimupa akordeo. Yeye akakataa, akalia mpaka wakaibadilisha na gitare ya umeme. Mu 1960 aliingia jeshini, na kabla mwaka kuisha wakamutoa, juu hakuwa mutu wa kupangwa mustari. Mu 1961 alipata aksida ya gari, na rafiki yake mumoja akafa. Kutoka pale akashika gitare kwa nguvu zote. Alikuwa anafundisha watu kupiga gitare mu duka moja la vyombo vya muziki kule Palo Alto, kwa feza kidogo tu. Mu 1965 yeye na wenzake walianzisha okestra, na mwisho wa mwaka jina likawa Grateful Dead.

Mwanzoni walikuwa wanakaa pamoja mu nyumba moja ya mutaa wa Haight-Ashbury, na mara nyingi walipiga bure mu bustani ya muji. Mupita njia alisimama, akasikiliza, akarudi kesho yake na ndugu zake. Urafiki ulianzia pale. Mu 1971, mu albamu moja, waliandika adresi na kuomba wasikilizaji wajitambulishe. Barua zikaingia kwa maelfu. Okestra ikaanza kuwatumia habari: inakwenda wapi, inatayarisha nini, hata feza inaingia namna gani na inatoka namna gani. Ni patro gani anafanya vile?

Tena, kila usiku orodha ya nyimbo ilibadilika. Wimbo ambao jana ulichukua dakika 6, leo ulichukua 20. Kwa hiyo mutu aliyeona konseri moja hakuweza kusema ameiona okestra. Alifuata ya kesho, na ya kesho kutwa. Hawa wafuasi waliitwa Deadheads. Wengine walilala mu magari, wakapika chakula na kuuza tisheti za rangirangi mu parkingi ili wapate ya petroli mpaka muji mwingine. Parkingi ikageuka soko, na soko likageuka kijiji kinachotembea.

Kulikuwa na jambo la kasete pia. Okestra zingine zilikuwa zinamufukuza kila mutu mwenye kuingia na mashini ya kurekodi. Watu wa Garcia waliwaachia. Mu 1984 wakawapa hata pahali pao pa kusimamisha mikro, nyuma ya mafundi wa sauti. Sheria ilikuwa moja: kubadilishana ndiyo, kuuza hapana. Wakubwa wa biashara wangesema ni kutupa feza. Kumbe kila kasete iliyopita mukono kwa mukono ilileta watu wapya kwenye mulango. Disiki zao hazikuuzwa sana, lakini konseri zilijaa, na tikiti nyingi okestra iliuza yenyewe kwa njia ya posta. Mu miaka 30 walipiga konseri zaidi ya 2,300.

Lakini kila kitu kina uzito wake. Mu 1974 walikuwa wanabeba mabafle karibu 600, tani kama 75, kutoka muji mpaka muji, pamoja na mafundi na magari yao. Feza iliingia, uzito ukaikula. Walisimama mwisho wa ule mwaka, wakarudi 1976. Kisha hapo mapumziko ya namna ile hayakuonekana tena. Nyumba nyingi zilikula juu ya ile okestra: wapigaji, mafundi, watu wa ofisi, wake na watoto. Garcia akisimama, wote wanasimama. Naye alikuwa ameingia mu heroini, na ugonjwa wa sukari ulikuwa unamukula polepole. Mu Julai 1986 alianguka, akakaa mu koma siku kadhaa. Alipoamuka ilibidi ajifunze gitare upya. Mwaka uliofuata wimbo wao mumoja ukapanda sana Marekani, na watu wapya wakaja wengi kupita viwanja. Mu Julai 1995, kule Indiana, wasio na tikiti walivunja ukuta wa mbao, na konseri ya kesho yake ikafutwa. Tarehe 9 Julai alipiga mara ya mwisho, mu Chicago. Mwezi mumoja kamili kisha hapo, tarehe 9 Agosti, moyo wake ulisimama mu nyumba moja ambamo alienda kuachishwa dawa za kulevya. Alikuwa na miaka 53.

Wale waliomupenda hawakumutakia mubaya hata kidogo. Lakini mapendo yao, pamoja na mishahara ya wenzake, yote yalidai konseri ingine. Sisi mu sendika tunalijua jambo hili. Delege mumoja anapigiwa simu usiku, yeye anasimama mbele ya patro, yeye anakwenda kwenye matanga, yeye anatafuta feza ya mugonjwa. Tunamupigia makofi, na tunaita makofi yale musaada. Siku anaanguka, tunaona hakuna aliyejifunza kazi yake.

Mu Desemba 1995 wenzake Garcia waliacha lile jina, juu hawakuweza kuendelea bila yeye. Lakini kasete ziko. Vijana waliozaliwa nyuma ya kifo chake wanazisikiliza na kubadilishana mpaka leo. Kile alichokigawa kwa watu kimebaki, na kile kilichoachwa juu ya mabega yake peke yake kilikwenda naye. Mu uchaguzi wa wadelege unaokuja, tusichague mutu mumoja. Tuchague watano, na wale watano wafundishe wengine.