Leonhard Euler: Mwanahisabati aliyeitangulia GPS

Dereva anayeandika jina la mtaa kwenye simu au kwenye kifaa cha GPS hupewa njia ndani ya sekunde chache. Wazo linalowezesha jambo hilo lina karibu miaka 300, na lilitoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuona gari. Jina lake ni Leonhard Euler. Katika makala hii tunayaangalia maisha yake, na jinsi kazi yake inavyoishi leo ndani ya ramani huria zinazotengenezwa na watu wa kujitolea, wakiwemo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi.

Mtoto wa mchungaji

Euler alizaliwa Aprili 15, 1707, mjini Basel, Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji na alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Kijana aliingia chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 13 tu. Huko alikutana na Johann Bernoulli, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama hizo, ambaye alikuwa akimpokea Jumamosi mchana na kumfafanulia mambo yaliyomshinda vitabuni. Bernoulli ndiye aliyemshawishi mzee Euler akubali kwamba kipaji cha kijana huyu kilikuwa katika hesabu.

Mwaka 1727 Euler alihamia Saint Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Akademia ya Sayansi iliyokuwa ndiyo kwanza imeanzishwa. Mwaka 1734 alimwoa Katharina Gsell. Walijaliwa watoto 13, lakini ni watano tu waliovuka utoto.

Madaraja saba

Wakati huo wakazi wa Königsberg, mji wa Prussia, walikuwa na fumbo lao. Mto Pregel ulipita katikati ya mji na kuzunguka visiwa viwili, na madaraja saba yaliunganisha visiwa hivyo na kingo za mto. Je, mtu angeweza kutembea mjini akavuka kila daraja mara moja tu, bila kurudia hata moja? Walijaribu, wakashindwa, lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Euler aliwasilisha jibu lake mbele ya Akademia mwaka 1735. Aliweka kando urefu wa mitaa, upana wa mto na umbo la visiwa. Alichobakiza ni jambo moja: sehemu gani ya nchi kavu imeungana na ipi, na kwa madaraja mangapi.

Hoja yake inaeleweka kwa urahisi. Kila unapoingia sehemu fulani kwa daraja moja, ni lazima utoke kwa jingine. Kwa hiyo madaraja ya kila sehemu lazima yawe jozi, isipokuwa mahali unapoanzia safari na unapoimalizia. Königsberg ilikuwa na sehemu nne: moja ilikuwa na madaraja matano, na tatu zilizobaki zilikuwa na matatu kila moja. Zote zilikuwa na idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa hiyo matembezi hayo hayakuwezekana. Kutokana na hoja hiyo likazaliwa tawi la hisabati linaloshughulikia mitandao ya nukta na mistari inayoziunganisha.

Jicho lililopotea

Katika miaka hiyohiyo Euler alikuwa na kazi nyingine Akademia: kusaidia kutengeneza ramani za dola kubwa ya Urusi. Ilikuwa kazi ya kuinamia karatasi saa nyingi kwa mwanga hafifu. Mwaka 1735 aliugua homa kali iliyokaribia kumuua, na kufikia 1738 jicho lake la kulia lilikuwa karibu limepofuka. Waandishi wengi wa maisha yake wanaitaja ile homa. Yeye mwenyewe aliilaumu kazi ya ramani.

Mwaka 1741 alikwenda Berlin kwa mwaliko wa Mfalme Frederick wa Pili, akakaa huko miaka 25. Mfalme alipenda watu wenye maneno matamu ya barazani, akamwona mwanahisabati huyu mpole na mcha Mungu kuwa mshamba, hata akalifanyia mzaha jicho lake. Mwaka 1766 Euler alirudi Saint Petersburg.

Huko mtoto wa jicho aliliziba jicho lililobaki, na upasuaji wa 1771 ulimrudishia uwezo wa kuona kwa muda mfupi tu. Mwaka huohuo nyumba yake iliungua, akaokolewa na fundi mmoja kutoka Basel aliyembeba na kumtoa nje. Hata hivyo hakuacha kazi. Alifanya hesabu ndefu kichwani na kuwasomea wasaidizi wake waandike. Karibu nusu ya maandishi yake, ambayo kwa jumla yanazidi 800, yalitoka katika miaka hiyo ya giza. Alifariki dunia Septemba 18, 1783, akiwa na miaka 76.

Kutoka madaraja hadi GPS

Mwaka 1956 Edsger Dijkstra wa Uholanzi alibuni njia ya kutafuta safari fupi zaidi kwenye mtandao wa nukta na mistari: kompyuta huanza pale ulipo, huenda kwenye nukta iliyo karibu zaidi, na kuendelea hivyo hadi inapofika uendako. Programu nyingi za kuelekeza njia bado zimejengwa juu ya msingi huo.

Mwaka 2004 mradi wa OpenStreetMap ulianzishwa Uingereza, ili yeyote aweze kuchora ramani ya dunia na kuitumia bila malipo. Ndani yake barabara ni mstari wa nukta, na barabara mbili hukutana pale tu zinapotumia nukta moja. Mchoraji akiisahau nukta hiyo, jicho litaona njia panda, lakini kifaa hakitaona kitu. Kinyume chake, pale Tazara, Dar es Salaam, daraja la juu la Mfugale linapita juu ya Barabara ya Mandela. Nukta ikiwekwa hapo kwa makosa, kifaa kitamwambia aliye juu ya daraja akate kona asiyoweza kukata.

Programu huria ya mkgmap hugeuza data hizo kuwa ramani za vifaa vya Garmin. Usipoiagiza ijenge na mtandao wa njia, utapata picha nzuri tu isiyoweza kukupeleka popote.

Ndiyo maana kazi ya mashinani ni muhimu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao ambao ramani nyingi ziliuacha kama eneo tupu. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, wanafunzi na wakazi wakachora barabara, mitaro na nyumba katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Katika mitaa kama hiyo, kivuko kilichosombwa na maji lakini kikabaki kwenye ramani kinaweza kumchelewesha anayewahi kumwokoa mgonjwa.

Königsberg nayo imebadilika. Leo ni Kaliningrad, mji wa Urusi. Baadhi ya madaraja ya zamani yaliharibiwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na katika maeneo yale ya zamani sasa yapo matano. Kwa hesabu ileile ya Euler, matembezi yaliyokuwa hayawezekani sasa yanawezekana, ilimradi uanzie kisiwa kimoja na kumalizia kingine.