Mtakatifu Bernardo: Kijana Aliyejifunza Kuupokea Udhaifu wa Mwili

Kila tarehe 20 Agosti Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Bernardo, Abati wa Clairvaux na Mwalimu wa Kanisa. Wengi humfahamu kama mhubiri aliyewashauri Mapapa na wafalme, na mapokeo humsifu kwa maneno yake matamu kama asali. Ni wachache wanaojua kwamba koo lililotoa maneno hayo lilikuwa gonjwa, na kwamba tangu ujana wake kula kulikuwa kwake mateso.

Bernardo alizaliwa mwaka 1090 huko Fontaines, karibu na Dijon nchini Ufaransa, katika familia ya kikabaila. Akiwa bado kijana aliingia monasteri ya Citeaux pamoja na ndugu na rafiki wapatao 30. Mwaka 1115, akiwa na umri wa miaka 25, alitumwa kuanzisha monasteri mpya ya Clairvaux. Hapo bidii yake ilipita kiasi. Alifunga na kukesha kuliko mwili ulivyoweza kustahimili, hata tumbo lake likaharibika. Koo nalo likawa jembamba, chakula kikavu kikapita kwa shida, na alichokimeza mara nyingi alikitapika.

Maradhi hayo hayakuwa ya siri. Yalimpata hata wakati wa sala ya pamoja, ikabidi lichimbwe shimo kando ya nafasi yake kwaya ili atapikie humo. Hatimaye, kwa kuwahurumia ndugu zake, alilazimika kukaa mbali nao. Tuwaze uchungu wa abati kijana asiyeweza kuketi mezani wala kusimama katika sala pamoja na wale aliokabidhiwa kuwaongoza.

Guillaume wa Champeaux, Askofu wa Châlons, alipoona hatari hiyo, aliwaendea maabati wa Citeaux akaomba apewe mamlaka juu ya Bernardo kwa mwaka mmoja. Akamweka katika kibanda kidogo nje ya ukuta wa monasteri, akamwondolea kazi zote na ukali wa mfungo. Bernardo, aliyezoea kutiiwa, sasa alipaswa kutii. Mtu aliyewekwa kumtibu hakuwa na ujuzi, akamlisha vitu visivyofaa. Hata hivyo mgonjwa alivipokea bila kunung'unika, akiifanyia utani hali yake. Rafiki yake, Guillaume wa Saint-Thierry, alipomtembelea alimkuta mwenye furaha na amani.

Hata hivyo, Bernardo hakubadilika kwa siku moja. Mwaka ule ulipokwisha aliurudia ukali wa zamani. Baadaye tu, alipokomaa, alijilaumu kwa kuutesa mwili kupita kiasi, kwani kwa kufanya hivyo alikuwa amejipunguzia nguvu za kuwatumikia ndugu. Vivyo hivyo, mwanzoni aliwadai wamonaki ukamilifu uliowashinda. Kwa unyenyekevu wao walimfundisha kuwa mpole kwa walio dhaifu.

Wakati mmoja rafiki hao wawili waliugua pamoja, wakakaa katika nyumba ya wagonjwa ya Clairvaux. Siku zile hawakuziacha zipotee bure: walizitumia kuzungumza juu ya Wimbo Ulio Bora. Tangu mwaka 1135 Bernardo alianza kuhubiri juu ya kitabu hicho, akaacha mahubiri 86. Ugonjwa haukumwacha hadi kifo chake tarehe 20 Agosti 1153, lakini haukumzuia kupenda.

Wapendwa, wapo miongoni mwetu vijana wanaoogopa kula mbele ya watu kwa sababu chakula huwakwama kooni. Hukwepa harusi na meza za ndugu, wakidhani wamekuwa mzigo. Maisha ya Bernardo yanatufundisha kwamba utakatifu haudai tuuharibu mwili tuliopewa na Mungu, na kwamba kukubali kutunzwa si aibu. Anayeteseka hivyo amwendee daktari, amfungulie moyo rafiki mwaminifu, asijitenge na sala ya jumuiya. Nasi tulio wazima tusimhoji wala kumlazimisha amalize sahani. Tumpe nafasi, tumsubiri, tuketi naye.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, utuombee.