Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyezipima nyuzi za Uganda

Mpiga tongoli wa Paya, wilayani Tororo, hukaza nyuzi za kinubi chake kwa kufuata sikio alilorithi kwa waliomtangulia. Mtu aliyezoea gitaa au kinanda cha kanisani huweza kuhisi kwamba noti zake zinagongana. Je, hilo ni kosa, au ni mpango wenye kanuni yake? Swali la namna hiyo lilimshughulisha Klaus Wachsmann kwa miaka 20 aliyoishi Uganda.

Alizaliwa Berlin mwaka 1907 na kusomea muziki huko, hadi utawala wa Wanazi ulipomfungia milango kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Alihamia Uswisi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1935 kwa utafiti wa nyimbo za kale za kanisa. Mwaka 1937 aliwasili Uganda, akafanya kazi ya elimu katika misheni.

Mwaka 1948 alikabidhiwa Jumba la Makumbusho la Uganda, mjini Kampala. Hakutaka ala zilale kabatini, alitaka zipigwe. Evaristo Muyinda, mwanamuziki mashuhuri wa Buganda, alikuwa miongoni mwa waliowapigia wageni. Kati ya mwaka 1949 na 1954 Wachsmann alizunguka nchi akinasa sauti.

Mwaka 1950 jarida la Nature lilichapisha vipimo vyake vya ennanga, kinubi cha Waganda. Oktava ilikuwa imegawanywa katika hatua 5 zinazokaribia kulingana. Kinanda huigawa oktava hiyo hiyo katika hatua 12, kwa hiyo noti za ennanga huangukia kando ya vibonye. Kilichodhaniwa kuwa ni kutojua kilikuwa ni hesabu ya sikio.

Ni haki kuongeza kwamba ennanga moja haizisemei ala zote za nchi, na tongoli ina mkao wake. Hata hivyo, mlango ulikuwa umefunguliwa.

Wanamuziki wa Carnatic, kusini mwa India, nao wana ngazi 72 za muziki, na 40 kati ya hizo hubeba noti zinazoitwa vivadi, yaani zisizopatana. Huko mgongano wa noti uliandikiwa kanuni vitabuni karne nyingi zilizopita. Wapigaji wa Uganda waliihifadhi elimu yao mikononi na masikioni, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kwa mgeni kuidharau.

Wachsmann aliondoka Uganda mwaka 1957, baadaye akafundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, na akafariki Uingereza mwaka 1984. Sauti alizonasa zilihifadhiwa London, mbali na vijiji zilikotoka. Miaka mingi baada ya kifo chake, nakala zilirejeshwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, na sasa mwanafunzi wa Kampala anaweza kusikia jinsi nyuzi zilivyokazwa kabla kinanda hakijawa kipimo cha kila kitu.