Mtumishi Aliyemwuliza Mfalme



Sisi tukaao Mbweni, upande wa Kinondoni, kando ya bahari ya Dar es Salaam, tukishika njia ya kaskazini twafika Bagamoyo. Hapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misioni yao mwaka 1868, na hapo Mapadre Weupe walianza safari ya miguu kwenda maziwa makuu mwaka 1878. Wawili wa msafara huo, Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, waliingia Buganda Februari 1879. Basi, kwa njia hiyo iliyoanzia jirani na kwetu, habari ya Kristo ilimfikia kijana ambaye maisha yake yafaa kusimuliwa katika kila nyumba ya Mkristo: Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe.

Alizaliwa yapata mwaka 1860, akapelekwa angali mvulana kutumika katika jumba la Kabaka Mutesa. Katika baraza la mfalme huyo Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki walikuwa wakijadiliana juu ya dini, na aliyesikiliza alipaswa kupima mwenyewe. Mukasa alipima, akajifunza, akabatizwa na Padre Lourdel tarehe 30 Aprili 1882. Mwishoni mwa mwaka ule mapadre waliondoka Buganda, wakaenda kukaa kusini mwa ziwa, huko Bukumbi, katika nchi ya Mwanza. Waumini walibaki bila padre hata mwaka 1885. Mukasa ndiye aliyewakusanya, akawafundisha na kuwatia moyo. Imani yake haikuwa ya kuazima; padre alipoondoka haikuondoka naye.

Mutesa alikufa Oktoba 1884, na Mwanga, angali kijana, akatawazwa. Alimpenda Mukasa, akamfanya msimamizi wa nyumba yake, akampa na ruhusa ya kumwonya kila atakapokosa. Ruhusa ya namna hiyo ni nyepesi kuitoa, lakini ni nzito kuivumilia.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana alikuja kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga. Njia hiyo iliogopwa, kwa kuwa watu wa Buganda waliamini ya kuwa adui wa nchi yao atatokea upande huo. Tena zilikuwa zimefika habari za Wajerumani kunyakua nchi huku pwani, hivyo hofu ya Mwanga haikuwa ya bure. Lakini hakumwita mgeni amsikilize. Aliamuru auawe, naye akauawa tarehe 29 Oktoba pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Wakubwa wa baraza waliafiki. Mukasa hakuafiki. Alimwendea Kabaka, akamwuliza sababu ya kumwua mtu asiyepewa nafasi ya kujitetea, na akamkumbusha ya kuwa Mutesa, baba yake, hakufanya hivyo. Yafaa tuangalie jambo moja: Hannington hakuwa Mkatoliki. Mukasa hakuwa akitetea watu wa kanisa lake, bali haki ya mtu yeyote kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Kwa moyo uo huo alikuwa akiwakinga vijana wa jumbani wasitumiwe na mfalme kwa uchafu.

Katikiro, waziri mkuu, alikuwa akimchukia tangu zamani. Kabaka alipougua baada ya kunywa dawa ya Padre Lourdel, ilisemekana kwamba Mukasa alishiriki kumpa sumu. Tarehe 15 Novemba 1885 alipelekwa Nakivubo. Alikataa kufungwa kamba, akaagiza Kabaka aambiwe ya kuwa amemsamehe, ila atubu. Alikatwa kichwa, na mwili wake ukatiwa motoni. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi.

Je, swali lake lilipotea? La hasha. Siku ile ile Karoli Lwanga alibatizwa, akawa kiongozi wa vijana mahali pake, na tarehe 3 Juni 1886 akauawa pamoja na wenzake wengi huko Namugongo. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Mukasa ni wa kwanza wao kufa. Naye Mwanga alipinduliwa mwaka 1888, akakimbilia kusini mwa ziwa, na mapadre wa Bukumbi wakampokea.

Wako wazazi waogopao wakisikia watu wakisifiwa kwa kuwahoji wakubwa. Wasema, je, amri ya nne iko wapi? Na watazame maisha haya. Mukasa hakumsengenya mfalme uani, wala hakufanya njama. Alitumika kwa uaminifu miaka mingi. Alifikiri kwanza, kisha akauliza ana kwa ana, kwa ajili ya mwingine, na gharama akailipa yeye mwenyewe. Mtii asiyefikiri hamfai mkubwa wake, maana humwacha aanguke peke yake.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala, hupokea yote yatupwayo. Basi baba wa nyumba, mtoto wako akikuuliza kwa adabu kwa nini umeamua hivi, usimfokee. Mjibu, na kama umekosa, kiri. Asiyezoea kuuliza nyumbani hatathubutu kuuliza ofisini siku atakapoamriwa kuandika hesabu ya uongo, wala kijijini siku jirani yake atakapohukumiwa bila kusikilizwa.

Mtakatifu Yosefu Mukasa, utuombee.