Guglielmo Marconi: mtu aliyezipa sauti meli zinazozama

Wiki hii tulizungumza hewani kuhusu nyambizi ndogo za watu binafsi, zile zinazobeba mtu mmoja hadi watano. Baadaye, ujumbe kutoka Bukoba mjini, Kemondo na visiwa vya Muleba ulituuliza jambo moja: chombo kama hicho kikikwama chini ya maji, aliyemo ndani anaombaje msaada?

Kwetu Kagera hilo si swali la mbali. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, baada ya kuondoka hapa kwetu na kupitia Kemondo. Kwa muda ilielea chini juu, huku ndani kukiwa na watu walionusurika kwenye hewa iliyobaki. Njia yao ya kujulisha kwamba wako hai ilikuwa kugonga chuma. Chombo kilipotobolewa ili watolewe, hewa ilitoka na meli ikazama. Mamia ya watu walipotea.

Ili kujibu swali la wasikilizaji wetu, tunaanza na maisha ya Guglielmo Marconi, mtu aliyefanya wito wa msaada uvuke maji bila waya.

Marconi alizaliwa Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake alikuwa Mwitaliano mwenye mashamba, mama yake Mwairishi. Hakupata shahada ya chuo kikuu, lakini alisoma kwa bidii habari za Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwamba mawimbi ya umeme husafiri hewani. Mwaka 1895, akiwa na miaka 21, alifanya majaribio nyumbani kwao Pontecchio. Kaka yake Alfonso alikwenda na mtambo wa kupokea hadi nyuma ya kilima. Ishara ilipofika, alifyatua bunduki kumjulisha mdogo wake.

Mwaka 1896 mama yake alimpeleka London, ambako alipata hataza ya uvumbuzi wake na kuungwa mkono na William Preece, mhandisi mkuu wa posta ya Uingereza. Mwaka uliofuata alianzisha kampuni. Wateja aliowalenga zaidi walikuwa wenye meli, kwa sababu nchi kavu tayari kulikuwa na nyaya za simu, lakini meli ikishaacha bandari ilikuwa imekatika na dunia. Mwaka 1899 meli ya taa ya East Goodwin, iliyotia nanga kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza kuonya vyombo vingine, iligongwa na meli. Mtambo wa Marconi uliokuwa ndani yake ulituma wito wa msaada nchi kavu. Huo unahesabiwa miongoni mwa miito ya kwanza kabisa ya dharura kutumwa kwa simu ya upepo, kama wazee wetu walivyoiita.

Tarehe 12 Desemba 1901, akiwa St John's, Newfoundland, Marconi alitangaza kwamba amepokea nukta tatu za herufi S zilizorushwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Waya wake wa kupokelea ulikuwa umeinuliwa na tiara. Wako waliomtilia shaka. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani. Januari mwaka huohuo meli Republic iligongwa kwenye ukungu karibu na Marekani, na wito wa mtambo wake ulisaidia kuokoa zaidi ya watu 1,500.

Kisha ikaja Titanic, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912. Waendesha mitambo wake wawili walikuwa vijana wa kampuni ya Marconi. Wito wao uliiita Carpathia, iliyookoa watu zaidi ya 700. Watu wapatao 1,500 walikufa. Meli nyingine, Californian, ilikuwa karibu zaidi, lakini mwendesha mtambo wake alikuwa mmoja tu, na alikuwa amezima na kwenda kulala. Baada ya msiba huo, mataifa yalikutana London na mwaka 1914 yakakubaliana kwamba meli kubwa za abiria zisikilize saa 24.

Maisha ya Marconi hayakuwa ya sifa tupu. Mwaka 1912 jina la kampuni yake liliingia kwenye kashfa ya hisa iliyowagusa mawaziri wa Uingereza, na mwaka huohuo alipoteza jicho katika ajali ya gari. Wanasayansi wengine, akiwemo Nikola Tesla na Oliver Lodge, walikuwa na madai yao juu ya uvumbuzi huo. Mwaka 1923 alijiunga na chama cha Mussolini na kukitumikia hadi mwisho. Alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937, akiwa na miaka 63. Vituo vya redio sehemu nyingi duniani vilinyamaza kwa dakika mbili.

Sasa turudi kwenye nyambizi. Maji humeza mawimbi ya redio, kwa hiyo mtambo wa kawaida ukiwa kilindini hausikiki. Ndiyo maana nyambizi ndogo inahitaji boya la dharura linaloachiwa lipande hadi juu ya maji. Likifika huko hurusha ishara kwa megahezi 406, ikiwa na namba ya utambulisho wa chombo. Setilaiti za mpango wa Cospas-Sarsat huipokea na kuipeleka kwenye vituo vya uokoaji. Maboya ya aina hiyo kwenye meli hujifungua yenyewe chombo kikizama mita chache, na betri yake hudumu angalau saa 48. Chini ya maji, kinachofaa ni kifaa cha kutoa mlio, kwa kuwa sauti husafiri vizuri majini.

Lakini ishara inahitaji mtu wa kuipokea na wa kwenda. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, ilikuwa na watu 43. Wavuvi waliiona na kuifikia wa kwanza kwa mitumbwi. Watu 24 walinusurika, 19 walifariki.

Wavuvi wetu wa dagaa wa Bumbire na Goziba hawana nyambizi, na wengi hawana boya la dharura. Hadi watakapoyapata, tunawasihi wafanye haya: kabla ya kutoka, mwambie mtu aliyebaki mwaloni unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi. Simu iwe na chaji na ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Na wewe uliyebaki, saa ikipita, usisubiri kukuche. Waamshe wenzako, na upige 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji.